Fundi Aliyetunyima Spoku

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Hapana."

"Sijasema kitu, Fundi."

"Mkono wako umeshasema. Hapana. Nenda kwenu."

Hivyo ndivyo alivyompokea kila mtoto wa Chonyonyo aliyekwenda kwake na hogo. Hogo ni ile plasta ngumu wanayokufunga hospitalini ukivunjika mkono au mguu. Mwanzoni mtoto hulipenda. Wenzake wanamwandikia majina yao juu yake, hatumwi maji, analishwa mayai. Kisha siku moja jua likiwa kali ngozi iliyo ndani inaanza kuwasha, na mtoto anagundua kwamba mahali panapowasha hapafikiki kwa kidole. Ndipo anapoanza kutazama vitu vyote vyembamba vya dunia kwa jicho jipya. Kijiti cha ufagio kinakatika. Unyasi unapinda. Spoku ya baiskeli ni nyembamba, ni ndefu, imenyooka, na mwishoni ina kichwa kidogo kilichopinda, utadhani aliyeitengeneza alikuwa na hogo. Na spoku zote za kijiji zilikuwa kwa mtu mmoja.

Alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa njia panda, pale barabara ya kwenda Kihanga inapokutana na ile inayoteremka mashambani kwetu. Kilikuwa na nguzo nne za mkaratusi, bati moja na nusu, na nyaya zilizoning'iniza rimu, cheni na matairi. Spoku alizifunga kwa kipande cha mpira na kuziweka juu kabisa, karibu na bati, kama mtu anayeficha sumu.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda kwenye kiwiko. Haukunyooka wala haukukunjika wote, basi siku zote alionekana kama amekumbatia kuku asiyeonekana. Kwa mkono huo alibana tu. Kazi zote za ufundi zilifanywa na wa kulia. Huo wa kulia ulikuwa mkono wa ajabu. Nimezunguka sana katika maisha yangu. Nimeuza mitumba Kahama, nimepasua mawe Katoro, nimelima tumbaku ya watu huko Mpanda, na kila nilipofika nimekaa kwenye vibanda vya mafundi baiskeli, kwa sababu ndipo mgeni hupata habari bila kununua kitu. Sijaona mkono mwingine uliozungusha gurudumu, ukaligusa kwa kidole kimoja, na mwenyewe akasema akiwa amefumba macho, "Hii ya tatu kutoka kwenye valvu imelegea."

Ukimuuliza ule wa kushoto ulipatwa na nini, jibu lilitegemea wewe ni nani. Watoto aliwaambia ni chui wa pori la Kimisi. Mfanyabiashara wa vitambaa pale sokoni, mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alitoka Pangani na ambaye hakupenda habari za wanyama, aliambiwa kwamba ni lori la jeshi. Akina mama wa kanisani waliambiwa alizaliwa hivyo, kwamba Mungu naye ana mwandiko wake.

Mama yangu hakukubali hata moja. "Chui gani huyo," alimwambia siku moja akisubiri gurudumu lake lizibwe pancha, "anapinda mkono bila kuacha alama za kucha?"

"Alikuwa chui mpole jamani, waitu."

"Mpole!"

"Alinishika tu. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kuondoka."

Alisema hachukii kitu duniani kama watoto. Kwake wote walikuwa wezi wa valvu. Lakini rimu zilizochakaa hakuziuza kwa wanunuzi wa vyuma. Alizitupa nje, upande wa barabara, mahali ambapo hata kipofu angejikwaa. Watoto walizikuta, wakazisukuma kwa fimbo mpaka Kiruruma. Ukimwambia kwamba umeona rimu zake barabarani alikasirika kweli. "Nimeibiwa tena," alisema, kisha kesho yake akatupa nyingine.

Ibada za Kilutheri hakukosa, ila hakuingia ndani. Alikaa kwenye ukingo wa ukuta wa nje akilinda baiskeli za waumini, na kutoka hapo aliimba besi kupitia dirishani, kwa nguvu kuliko kwaya. Mchungaji akimkaribisha ndani alijibu kwamba shetani haibi roho siku ya Jumapili, anaiba baiskeli.

Na alikuwa na jambo moja ambalo wazee wenzake walilichukulia kuwa ni maringo. Kwetu rubisi, pombe yetu ya ndizi, hunywewa kwa mrija. Mzee wa kweli ana mrija wake wa tete, tunauita oruseke, anautunza kama miwani, hauazimi na mtoto haugusi. Kibuyu kikiletwa kila mmoja anatoa wake. Fundi hakuwa nao. Yeye alidai bilauri. Hata kwenye harusi, wazee wameinamia kibuyu kama ng'ombe kwenye hori, yeye alikaa pembeni na bilauri yake ya kioo, kidole kidogo kimesimama.

"Amekuwa Mzungu," walisema.

"Nina meno mabovu," alijibu. Meno yake yalikuwa mazima yote.

Jambo lililotukera zaidi sisi tuliokua karibu na kibanda chake ni hili. Nyuma ya sikio lake aliweka spoku moja, kuukuu, imeng'aa kwa kushikwa. Na mgongo ukimuwasha aliichomoa mbele ya macho yetu, akaipitisha chini ya shati, akajikuna taratibu huku amefumba macho. Mtoto mwenye hogo amesimama pale pale, machozi yanamlengalenga!

"Wewe mbona unajikuna, Fundi?"

"Mgongo wangu una mlango. Nikijichubua mke wangu ataona. Wewe humo ndani nani ataona? Mwasho ni mgeni, mtoto wangu. Usimpe kiti, ataondoka mwenyewe."

Mtoto alikwenda zake akimlaani. Tulidhani ni uchoyo.

Nilikuja kumwelewa, au nilidhani nimemwelewa, mwaka ule binti yangu alipovunjika mkono. Alikuwa darasa la pili, akiishi na mama yangu kwa sababu mimi na barabara hatujawahi kuachana vizuri. Nilikuwa nimerudi kuvuna kahawa. Watoto wa mteremko wetu hukalia magome mabichi ya mgomba na kuserereka nayo hadi chini, na yeye aliserereka mpaka akakutana na kisiki. Hospitalini wakampiga picha, wakamfunga hogo kutoka karibu na bega hadi kwenye vidole, tukarudi nyumbani.

Wiki ya pili mwasho ukaanza. Mtoto hakulala, hakula, alikuwa akizunguka kibanjani, shamba letu la nyumbani, akisugua hogo kwenye migomba. Mama yangu aliteseka kuliko yeye. Na mama yangu, kama wanawake wengi wa Karagwe wa umri wake, ana dawa moja ya ngozi. Mtoto akizaliwa anapakwa samli. Ngozi ikikauka, ni samli. Bibi harusi ni samli. Basi siku moja nilipokuwa kwenye kahawa aliyeyusha samli kidogo, akamwinua mjukuu wake mkono, akaimimina ndani ya hogo kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye kibatari.

Mtoto alitulia. Alilala mchana kutwa. Mama yangu alitembea kwa majivuno.

Jioni sisimizi walikuja. Walipanda mguu wa kitanda wakiwa wamejipanga vizuri kabisa, wakaingia kwenye hogo kupitia kwenye vidole, na mtoto aliamka akipiga kelele ambazo majirani walizisikia wakaja na mapanga.

"Toeni huyo mdudu!" alilia. "Toeni wote!"

"Ee waitu," mama yangu alisema, ameshika kichwa, "nimemuua mtoto."

Nilimpakia kwenye pikipiki, tukarudi hospitalini. Plasta ilikuwa imelainika na kuanza kunuka. Waliikata, wakamsafisha, ngozi ilikuwa na vipele tu, mfupa haukuhama. Muuguzi aliyemfunga upya hakutugombeza sana. Alimwangalia mama yangu, aliyekuwa analia kuliko mgonjwa, akamwambia, "Mama, samli ni ya mtoto. Hogo halili." Kisha akatuambia sote, polepole, kama anayefundisha darasa: likiwasha, inueni mkono juu ya mto, mgongegonge kwa nje, mpepee upepo wa baridi kwenye ukingo. Lisilowe. Kitu chochote kisiingizwe ndani, hata unga. Na vidole vikivimba au kufa ganzi, au maumivu yakizidi, au harufu ikitoka, mrudi siku hiyohiyo.

Mama yangu alimpepea kwa jani la mgomba mpaka bega likamuuma. Lakini jani hupepea hogo lote, na mwasho uko ndani. Ndipo binti yangu, bila kutuaga, akateremka njia panda kwa Fundi. Nilimfuata na kumkuta amesimama mbele ya kibanda.

"Spoku ni ya gurudumu," Fundi alikuwa akimwambia. "Una gurudumu?"

"Sina."

"Basi huna haja na spoku."

Alikuwa ameweka pampu yake chini, ile ya chuma ya kusimama, unaikanyaga miguuni na kusukuma mpini kwa mikono yote miwili. Alikuwa anajaza tairi la mteja, amebana mpini kwa ule mkono uliopinda na kusukumiza kwa mzima. Mdomo wa mpira ukaponyoka kwenye valvu. Ukalia fyuu na kumpulizia binti yangu mkononi, penye ukingo wa hogo. Mtoto alishtuka. Kisha akaganda. Kisha akausogeza mkono.

"Tena," alisema.

"Tena nini? Mimi nina kazi."

"Tena, Fundi. Hapa."

Fundi alimtazama, akanitazama na mimi kama mtu aliyefumaniwa. Akamwacha mteja wake amesimama. Alichukua mdomo wa ule mpira, akanipa niushike, akaniambia, "Nje ya hogo. Nje! Usiuingize hata kidogo, ukiuingiza nitakupiga na pampu." Akaanza kusukuma. Upepo wa baridi wenye harufu ya mpira uliingia mle ndani, na uso wa binti yangu ulifunguka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Chui wa Kimisi," Fundi alianza, akisukuma, "hakuwa chui wa kawaida."

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Kuanzia siku ile, mtoto mwenye hogo alipokelewa kwa "hapana" ileile na matusi yaleyale, kisha akakalishwa kwenye dumu lililogeuzwa na kupulizwa. Chui alisimuliwa kwa kadiri ya mwasho. Mwasho mdogo, chui alikimbia mapema. Mwasho mkubwa, chui alikuwa na mke na mashemeji. Muuguzi alipopata habari alisema ni sawa, bora tu mpira usiingie ndani na upepo usiwe na unyevu. Fundi akaibeba kauli hiyo, akaivisha suti. "Hospitali wananitegemea," aliwaambia wateja. "Wanafunga wao, mimi namalizia."

Halafu pikipiki zilitufikia kila mlango, na baiskeli zikaanza kuning'inizwa dari za nyumba. Vijana walimshauri ajifunze kutengeneza pikipiki. "Kitu kinachojisukuma chenyewe," alijibu, "kijitengeneze chenyewe." Mke wake alifariki. Kibanda kikapungua, bati likaondoka kwanza, kisha nguzo, na siku moja nikiwa mbali nikaambiwa kwamba amehamia Kyerwa, kwa mpwa wake wa kike, huko Nkwenda. Kila niliporudi nyumbani niliteremka njia panda bila sababu na kusimama pale. Ardhi ilikuwa bado nyeusi kwa grisi.

Msimu wa senene uliopita nilirudi tena, na mama yangu akaniambia kwamba Fundi ameanguka. "Mpelekee hii," alisema, akanipa kikopo cha samli. "Na umwambie ni ya kula." Binti yangu, ambaye sasa yuko darasa la sita na ana miguu mirefu kunizidi, hakusubiri kualikwa. Alikuwa mlangoni na viatu vyake.

Tulimkuta kibanjani nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka. Amepungua. Mkono wa kushoto ulikumbatia kuku wake yuleyule. Wa kulia ulikuwa kwenye hogo, kutoka bega hadi vidole. Mpwa wake alituonyesha kwa kidevu tu. "Mwangalieni wenyewe. Mimi nimeshindwa. Mtu mzima ameteleza kwenye nyasi zenye umande akiokota senene, na sasa anataka kuniua kwa kelele."

Mbele yake palikuwa na baiskeli iliyopinduliwa, magurudumu juu.

"Shikamoo, Fundi," tulisema.

"Marahaba. Nitoleeni spoku moja hapo." Sauti yake haikuwa na mzaha. "Ufunguo ule pale. Mkono huu hauwezi kuuzungusha. Tangu asubuhi nahangaika."

Nilielewa alichotaka, na nikajikuta nasema neno lake. "Hapana."

"Sikukuuliza. Nimekwambia toa."

"Spoku ni ya gurudumu, Fundi."

"Usinirudishie maneno yangu! Wewe hujui huu mwasho. Unatembea humu ndani na miguu. Nitaingiza kidogo tu, pale juu, nitoe. Nani atajua?"

Macho yake yalikuwa na maji. Niliutazama ule mkono. Ndio uliosikia spoku iliyolegea. Ndio anaokula nao, ndio anaoshika nao fimbo. Ukiozea humo ndani, mzee huyu atalishwa kama mtoto mpaka siku ya kuzikwa kwake. Na alilijua hilo kuliko mimi.

Binti yangu alikaa chini, karibu na ule mkono uliopinda. "Fundi," alisema, "huu ulikuwaje? Usiniambie habari za chui."

Kuku halisi alipita, akadonoa kitu kwenye mkeka, akaenda zake.

"Ulivunjika nikiwa kama wewe ulivyokuwa," alisema mwisho. "Wakaufunga hogo. Ukaniwasha. Babu yangu alikuwa na oruseke yake, ameichomeka kwenye dari juu ya jiko. Ndefu, laini kwa moshi. Nikapanda, nikaichukua, nikaiingiza. Raha niliyoipata, mwanangu, sijaipata tena. Kisha ikakatika. Kipande kikabaki ndani."

"Ukawaambia?"

"Nimwambie nani kwamba nimevunja oruseke ya mzee? Nilirudisha kipande kilichobaki darini. Mkono ukaniuma, nikanyamaza. Ukanuka, nikasema ni jasho. Babu alipokwenda kunywa akatoa mrija nusu, akauliza watu wote wa nyumba, na mimi nikatikisa kichwa pamoja na wenzangu. Walipokuja kulikata lile hogo, usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa." Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Babu alilia. Alisema, ungeniambia ningekata tete lingine. Yamejaa bondeni."

Niliikumbuka bilauri, kidole kidogo kikiwa kimesimama.

"Kwa hiyo unajua," binti yangu alisema.

"Najua. Kujua hakuzuii kuwasha."

Binti yangu aliinuka, akaenda kwa mpwa wa Fundi, wakanong'ona, akarudi akiburuta pampu ile ile ya chuma, imevaa utando wa buibui. Aliikanyaga, akasukuma. Haikutoa hata pumzi. Alisukuma tena.

"Ngozi ya ndani imekauka," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ile ya kibandani. "Mnaiua hiyo pampu. Ifungue hapo juu. Si hivyo, kinyume! Toa fimbo taratibu. Inataka mafuta."

"Mafuta gani?"

Nilikuwa bado nimeshika kikopo cha mama yangu. Fundi alikiangalia.

"Ni samli hiyo?"

"Ni ya kula," nilisema. "Nimeagizwa nikwambie."

"Lete hapa. Ya kula tutakula itakayobaki."

Binti yangu alichovya kidole, akaipaka ile ngozi mpaka ikalainika, akarudisha fimbo, akafunga. Aliposukuma pampu ilikohoa, ikatema vumbi, kisha ikalia fyuu. Mimi nilishika mpira. Niliuweka nje ya hogo, kwenye ukingo, nje kabisa, kwa sababu nilijua nani angenipiga na nini. Fundi alifumba macho. Mabega yake yaliteremka kama mtu anayetua mzigo wa ndizi.

Tulikuwa katika hali hiyo mzee mmoja jirani alipopita nje ya uzio, mkia wa ng'ombe wa kufukuzia nzi mkononi. Alisimama kutushangaa.

"Pole, Fundi. Nilisikia umeumia. Ni nini kilikupata?"

Fundi hakufumbua macho.

"Chui."

"Chui! Hapa Nkwenda?"

"Yule yule wa Kimisi. Alikuja kuuchukua na huu." Aliusogeza mkono kidogo, upepo uingie vizuri. "Tumemkatalia."

Binti yangu hakucheka. Alishika mpini kwa mikono yote miwili na kuendelea kusukuma.